Haujaunga Kabisa

Jioni moja baba mdogo alirudi nyumbani kwetu Buyenzi akitokea Tanzania, mguu wake wa kulia ukiwa ndani ya plasta kuanzia gotini hadi karibu na vidole. Alikuwa utingo wa lori linalobeba mizigo kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura kupitia mpaka wa Kobero. Wiki kumi kabla ya jioni hiyo, mzigo ulimwangukia wakati wa kupakua, ukamvunja mfupa wa ugoko. Alitibiwa huko huko. Siku ya kuondoka alipigwa picha ya eksirei, jibu likaandikwa, likatiwa ndani ya bahasha, akaambiwa ampelekee daktari wa Bujumbura. Lori la wenzake lilikuwa limeshawasha injini. Hakuuliza neno.

Karatasi iliyokuwa ndani ya bahasha iliandikwa kwa Kiingereza. Daktari alizungumza na baba mdogo kwa Kiswahili muda wote huo, lakini kalamu yake iliandika Kiingereza, kama ilivyo kawaida katika hospitali za upande ule. Nyumbani kwetu tunasema Kiswahili na Kirundi. Waliokwenda shule wanasikia Kifaransa. Kiingereza ni changu peke yangu, kwa sababu mimi ndiye ninayesomea lugha. Bibi akasogeza taa, akaniambia: "Mjukuu wangu, tusomee."

Mstari uliokuwa na uzito ulikuwa mmoja: "The fracture has not completely united." Chini yake daktari alishauri mgonjwa abaki na plasta wiki nne zaidi, kisha apigwe picha nyingine. Nilifurahi, maana sikukuta neno hata moja nisilolijua. "Completely" ni "kabisa". Hivyo ndivyo nilivyojifunza tangu shule. Nikainua kichwa, nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Mfupa haujaunga kabisa."

Pakawa kimya. Bibi akauliza polepole: "Wiki kumi zote hizo, na mfupa haujaunga kabisa?"

Nikajibu: "Ndiyo, Bibi. Ndivyo ilivyoandikwa."

Wenzangu wanafunzi, ninaomba mrudie sentensi hiyo kwa sauti kabla ya kuendelea. Haujaunga kabisa. Mmesikia nini? Mimi, niliyekuwa na Kiingereza mkononi, nilimaanisha kwamba mfupa umeanza kuunga lakini kazi haijafika mwisho. Bibi, baba mdogo na shangazi, ambao hawakuwa na karatasi bali masikio yao tu, walisikia kwamba mfupa haujaunga hata kidogo. Sote tulikuwa tunasema Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho sote tulikuwa sahihi.

Usiku ule ikaamuliwa kwamba matibabu ya kule yameshindwa. Bibi alisema kuwa mfupa ambao haukuunga kwa wiki kumi hautaunga kwa wiki nne nyingine, kwa hiyo ushauri wa daktari haukuwa na maana. Wakataka apelekwe kwa daktari wa binafsi, apasuliwe, awekewe chuma. Fedha hazikuwepo. Kilichokuwepo nyumbani chenye thamani ni cherehani ya shangazi.

Cherehani ile ina habari yake. Tarehe 27 Januari 2013, siku ya Jumapili, Soko Kuu la Bujumbura liliungua. Shangazi alikuwa akishona pale, na cherehani yake ya kwanza ilibaki chuma tupu. Alikaa muda mrefu akishona kwa mkono, akiweka faranga baada ya faranga, mpaka akanunua ya pili. Hii ya pili ndiyo aliyoiuza siku tatu baada ya mimi kusoma barua, kwa bei ya mtu mwenye shida.

Siku ya nne jirani yetu ambaye ni muuguzi alikuja kumjulia hali mgonjwa. Akaomba kuiona karatasi. Akaisoma, akainua picha ya eksirei kuelekea mwanga wa mlangoni, kisha akatuuliza kwa nini tumekaa kama watu waliofiwa. "Mfupa unaunga," alisema. "Bado haujamaliza, lakini unaunga. Mpeni muda tu." Shangazi alijifunga kitenge akatoka mbio. Aliyenunua cherehani alikuwa ameshaiuza kwa mtu mwingine, na huyo alikuwa ameondoka nayo kwenda mkoani. Kwa fedha zile alizopewa, shangazi hakuweza kupata nyingine ya namna ile. Akarudia kushona kwa mkono, na siku nyingine kukodi cherehani ya mwenzake kwa saa.

Hakuna aliyenigombeza. Bibi alisema tu kwamba kusoma ni kugumu. Nadhani ningependelea kugombezwa.

Nilimpelekea mwalimu wangu sentensi ile bila kumwambia habari ya cherehani. Aliandika ubaoni "Haujaunga kabisa", akauliza darasa maana yake. Tuligawanyika, na kila upande ulishangaa kwamba upande wa pili upo. Kisha akauliza swali ambalo nalibeba mpaka leo: "Hilo 'kabisa' limeshika nini?"

Jibu lake lilikuwa hivi. Katika Kiswahili ukanushi hukaa ndani ya kitenzi chenyewe: "umeunga" ukiugeuza unakuwa "haujaunga". Huwezi kuutoa ukanushi ukauweka mahali pengine katika sentensi. Kielezi "kabisa" huja baada ya kitenzi kizima, kikiwa kimeshabeba kila kitu. Kwa hiyo msikiaji hana alama ya kumwonyesha kama "kabisa" limeshika tendo la kuunga, yaani kuunga kabisa ndiko ambako bado, au limeshika ule ukanushi, yaani kutounga ndiko kuliko kwa kabisa. Katika Kiingereza "not" ni neno linalosimama peke yake, na mahali lilipo panasema mengi. "Not completely" inakata ukamilifu tu, na inaacha nafasi kwamba kiasi fulani kimefanyika. Mwingereza akitaka kukana kila kitu hatumii "completely" kwa kawaida. Anasema "not at all". Kwake ni njia mbili zilizotengana. Mimi nilizichukua zote mbili nikazipitisha katika mlango mmoja.

Jambo hili haliishii kwenye "kabisa". Mtu akisema "Wageni wote hawajafika", je, hakuna hata mmoja aliyefika, au wengine wapo na wengine bado? Kila maneno ya ukamilifu yanapokutana na ukanushi, ni lazima mtu asimame na kuuliza kilichokanwa ni nini.

Baada ya hapo niliamua kusoma upya maneno ya Kiingereza yanayoonyesha ukamilifu, moja baada ya jingine, kwa sababu katika daftari langu la shule yote yalikuwa na tafsiri ile ile. "Completely", kabisa. "Totally", kabisa. "Entirely", kabisa. "Fully", "utterly", "thoroughly", "absolutely": kabisa, kabisa, kabisa, kabisa. Daftari hilo ndilo lililouza cherehani.

Nimegundua kwamba kila neno kati ya hayo lina picha yake, na asili ya neno mara nyingi inasaidia kuiona. "Completely" linatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kujaza. Linapenda mambo yenye mwisho unaojulikana: kumaliza, kusahau, kupona, kubadilika. Ndiyo maana daktari alilichagua. Kuunga kwa mfupa kuna mwanzo na kuna mwisho. "Fully" nalo ni la kujaa, lakini linapatana zaidi na vitu tunavyoviona kama chombo: hoteli ambayo vyumba vyake vyote vimechukuliwa, deni lililolipwa lote, mtu anayejua jambo lote analolifanya. Hapo Kiswahili hakihitaji "kabisa". Deni "limelipwa lote" ni sentensi bora kuliko deni "limelipwa kabisa".

"Entirely" asili yake ni neno la Kilatini la kitu kisichoguswa, kizima. Kwetu ni kazi ya "-ote" na "-zima": kosa ni langu lote, kijiji kizima kilihama. "Wholly" lina maana ya karibu na hiyo, ila limevaa koti. Utalikuta katika mikataba na sheria kuliko barabarani. "Totally" ni la mazungumzo, hasa ya vijana. "Thoroughly" linatokana na wazo la kupita ndani ya kitu mpaka upande wa pili. Linakwenda na kazi iliyofanywa kwa uangalifu: kuosha, kuchunguza, kusoma. Hapa Kiswahili kina neno zuri ambalo wengi wetu tumeliacha, nalo ni "barabara". Nimekufahamu barabara. Tunalo pia "vilivyo" na "sawasawa". Kuosha vyombo kabisa si Kiswahili. Kuviosha vilivyo ndiko tunakosema.

"Utterly" lina asili moja na neno la nje, kana kwamba jambo limevuka ukuta wa mwisho. Mara nyingi linashika mabaya: kisicho na faida, kilichoharibika, kilichoshindwa. Mwanafunzi anayemsifu mwenyeji wake kwa "utterly" huenda akaeleweka, lakini neno lenyewe limezoea kuja na kilio. "Absolutely" linapenda sifa ambazo zimeshafika kileleni, na pia linasimama peke yake kama jibu la mtu anayekubaliana nawe. Hapo kweli "kabisa" linafaa. Mtu wa Buyenzi ukimwambia jua la leo linachoma, atakujibu "Kabisa!" na maneno yameisha.

Hatari kubwa zaidi ni "quite". Neno hili fupi lina nyuso mbili. Likikaa na sifa isiyo na daraja, kama kufa au kuwa sahihi, maana yake ni kabisa. Likikaa na sifa yenye daraja, kama uzuri au ukubwa, kwa Waingereza mara nyingi maana yake ni kiasi tu: si mbaya, lakini usishangilie. Wamarekani wengi hulitumia hapo kwa nguvu zaidi, karibu na "sana". Kwa hiyo mwalimu Mwingereza akiandika kwamba insha yako ni "quite good", usikimbilie kumpigia mama simu. Na likitanguliwa na "not" linakuwa bado kidogo: "not quite" ni mtu aliyebakiza hatua moja kufika. Mtego mwingine ni "all but". Jicho linaona neno la "yote" na kudhani ni ukamilifu, kumbe kazi ambayo ni "all but finished" ni kazi iliyokaribia kwisha na haijaisha.

Nilipofika hapo nilianza kuogopa kwamba Kiswahili ni maskini, kwa kuwa Kiingereza kina maneno kumi na sisi tuna moja. Shangazi ndiye aliyenitoa katika woga huo, bila yeye mwenyewe kujua. Siku moja alikuwa akimsimulia mgeni habari za Jumapili ile ya 2013. Nilisikiliza kwa sikio la mwanafunzi. Alisema soko liliteketea. Alisema moshi ulifanya giza totoro mchana kweupe. Alisema baadaye watu walisimama kimya jii, na yeye alikuwa amelowa jasho chapachapa. Alisema cherehani ilibaki chuma tupu. Katika hadithi nzima hakutumia "kabisa" hata mara moja, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba kila kitu kilikwisha.

Hapo nikaelewa kwamba Kiswahili hakikosi ukamilifu. Kimeugawa tu kwa namna nyingine. Kitenzi "teketea" kimeubeba ndani yake: kitu kinaweza kuungua kidogo, lakini hakiwezi kuteketea kidogo. Giza lina "totoro" lake, weusi una "tititi", weupe una "pepepe", kimya kina "jii", chombo kinajaa "pomoni". Kila neno limeolewa na neno lake na halihami nyumba. Mwingereza anachagua kielezi kulingana na sifa. Sisi nasi tunachagua, ila sisi wanafunzi tumejizoeza kuchukua "kabisa" kwa sababu lipo karibu na mkono. Neno lenyewe tumelitwisha kazi nyingi mno. Linaonyesha ukamilifu katika "amesahau kabisa". Linaonyesha kiwango cha juu katika "mlima mrefu kabisa". Linatia nguvu ukanushi katika "sitaki kabisa". Na linajibu peke yake. Punda anayebeba mizigo minne, siku moja utaupokea mzigo usio wako.

Lugha nyingine za nyumbani kwetu zingeweza kuniokoa usiku ule, kama ningezisikiliza. Kwa Kirundi Bibi asingechanganyikiwa. Mfupa ambao haujaunga vizuri Mrundi anausema kwa "neza", na ambao haujaunga hata chembe anausema kwa "na gato", ambayo ni ile ile "hata kidogo" yetu. Kifaransa nacho kina "pas tout à fait" kwa jambo lililobakiza kidogo, na "pas du tout" kwa jambo ambalo halipo. Neno la yote limo katika semi zote mbili, lakini hakuna mtoto wa Bujumbura aliyepita shule anayezichanganya. Nilikuwa na lugha tatu za kupimia ile ya nne, na sikupima.

Sisemi haya kwa kujilaumu tu. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Mwaka 2014 sheria ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa, na watoto wetu wanafundishwa Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili tangu shule ya msingi. Maana yake ni kwamba karatasi za Kiingereza zinaingia katika nyumba nyingi kama zetu: mikataba ya kazi, barua za shule, stakabadhi za mizigo, majibu ya hospitali. Anayeitwa kuzisoma mara nyingi si mfasiri aliyesomea kazi hiyo. Ni mtoto wa nyumbani, mwenye umri kama wetu, aliyekaa chini ya taa huku wazee wakimtazama. Wazee hao hawana njia ya kumsahihisha. Wanamwamini yeye, kisha wanatenda.

Baada ya zile wiki nne baba mdogo alipigwa picha hapa Bujumbura, na daktari akaandika jibu kwa Kifaransa. Bibi akanipa tena karatasi, na mikono yangu ilitetemeka kuliko mara ya kwanza. Nilisoma mara mbili kimya. Nilijiuliza swali la mwalimu: neno la ukamilifu limeshika nini? Kisha nikasema: "Bibi, mfupa umeunga wote. Hakuna sehemu iliyobaki." Nikasubiri. Nikamwomba anirudie kwa maneno yake alichosikia. Akasema: "Umeunga. Amepona." Hapo ndipo nilipoikunja karatasi.

Tangu siku hiyo nina mazoea matatu. Ninapokuta neno la ukamilifu pamoja na ukanushi, ninavunja sentensi mbili: kwanza ninasema kilichofanyika, kisha ninasema kilichobaki. Mfupa umeanza kuunga; bado haujamaliza. Kama hakuna kilichofanyika ninasema "hata kidogo", na "kabisa" ninaliacha lipumzike. Mwisho, simwachi msikilizaji kabla hajanirudishia maneno yangu kwa maneno yake.

Ama shangazi, bado anaweka faranga kwa ajili ya cherehani ya tatu, nami ninamwongezea kidogo kila ninapopata kazi ya kufundisha watoto wa jirani. Wiki iliyopita nilimpelekea sehemu yangu, nikamuuliza kama ameshanisamehe. Alikuwa na sindano mdomoni. Akaitoa, akanitazama, akasema: "Sijakusamehe kabisa." Kisha akacheka, akarudi kwenye pindo lake.

Sikumuuliza lile "kabisa" lake limeshika nini. Niliketi karibu naye, nikamsaidia kutunga uzi katika sindano ya pili.